Aliyebatizwa utotoni akiokoka, abatizwe tena kwa maji mengi?

Njiapanda88

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa wenye ujuzi, ugomvi wa madhehebu tuuache nje. Kijana alibatizwa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) akiwa na miezi mitatu, baadaye akapata kipaimara. Sasa ana miaka 24, ameokoka kwenye mkutano wa Injili, amesali sala ya toba na kuhamia kanisa la Kipentekoste. Huko anaambiwa ule wa utotoni "ulikuwa kuoga tu", hivyo ajiandae kwa maji mengi, yaani kuzamishwa, Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nyumbani anaambiwa akithubutu atatengwa. Tena mchumba wake ni Mkatoliki na ndoa inatarajiwa mwakani.

Maswali yake ni haya. Akifa kabla ya maji mengi, ameokoka au bado? Kubatizwa mara ya pili ni dhambi? Na akishabatizwa huko, cheti kipi kitatumika kwenye ndoa?

Mwalimu wa Kipaimara

Asifiwe sana. Nianze na la kwanza, maana ndilo linalomkosesha mtu usingizi. Warumi 10:9 inataja mambo mawili: kumkiri Yesu kwa kinywa kuwa ni Bwana, na kuamini moyoni kwamba Mungu alimfufua katika wafu. Yule mhalifu wa Luka 23 hakushuka msalabani kwenda mtoni, na aliahidiwa peponi siku ileile. Wakatoliki nao, wanaosisitiza sana ulazima wa ubatizo, wanafundisha kwamba mwenye kuutamani kwa imani na toba akifa kabla ya kuupata hakuachwa nje. Kwa hiyo asikimbilie maji kwa hofu ya ajali ya bodaboda.

Hapo hapo niseme jambo kuhusu sala ya toba. Ile ya "rudia maneno haya baada yangu" haimo katika Biblia kama kanuni. Ni chombo cha kumsaidia mtu aseme kwa Mungu kile ambacho amekwisha kukiamini. Kinachoharibika ni pale inapogeuzwa hirizi: mtu ameitamka, jina limeandikwa kwenye daftari la mkutano, basi anahesabiwa. Ukimuuliza Yesu alifia nini, hajui.

Sasa ubatizo wa pili. Sisi Walutheri tunasema hapana, na sababu yetu ya msingi haihusu wingi wa maji. Katika ubatizo anayetenda ni Mungu, mtu anapokea. Imani ikija baadaye, inaishika ahadi iliyokwisha kutolewa, haihitaji itolewe upya. Waefeso 4:5 inasema "Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja". Mtazameni pia Simoni wa Samaria katika Matendo 8. Aliamini, akabatizwa, kisha akataka kununua karama ya Mungu kwa fedha. Petro alimwambia moyo wake si mnyofu. Akamwagiza nini? Atubu na kuomba. Hakumrudisha majini.

Jambo hili halikuanzia Afrika Mashariki. Mwaka 255 na 256 Sipriano, askofu wa Karthago, alivutana na Stefano wa Roma kuhusu watu waliobatizwa na wazushi. Sipriano alitaka wabatizwe wakija kanisani, Stefano akasema wawekewe mikono tu. Mwaka 314 mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Arles uliamua kwamba anayetoka kwa wazushi aulizwe imani yake, na ikionekana alibatizwa katika Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, awekewe mikono.

Kuhusu kutengwa, wazazi hawamtishi bure. Msharika aliyebatizwa upya kwa kawaida huhesabiwa amejiondoa, na akitaka kurudi atapitia utaratibu wa kurudishwa kundini: kuonana na mchungaji, mafundisho, kisha kutangazwa mbele ya usharika. Habatizwi mara ya tatu.

Na kama tatizo lake ni maji machache tu, ajue Luther mwenyewe aliandika mwaka 1520 kwamba angependa wabatizwao wazamishwe. Wingi wa maji haujawahi kuwa kiini cha ugomvi wetu.

MajiMengi

Mtumishi hapo juu ameeleza vizuri ya kwao. Nami nieleze ya kwetu, kwa sababu wengi hutupinga kwa hoja ambayo hatuitoi.

Sisi hatusemi "ubatizo wa pili". Tunasema ule wa kwanza haukuwa ubatizo wa Agano Jipya, kwa hiyo huu ndio wa kwanza. Angalia mpangilio: Matendo 2:41, waliolipokea neno ndio waliobatizwa. 8:12, walipoamini, wakabatizwa. Mlinzi wa gereza wa Filipi, anayetajwa sana kwa ubatizo wa watoto kwa sababu "nyumba yake yote" ilibatizwa, msome katika Matendo 16 hadi mstari wa 34: alifurahi pamoja na nyumba yake yote, akiisha kumwamini Mungu. Mtoto wa miezi mitatu hafurahi kwa sababu hiyo. Kuhusu Simoni nakubaliana nanyi kabisa. Yeye alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwetu pia aliyezamishwa, akarudi nyuma, kisha akatubu, harudishwi majini. Wasabato ndio wana nafasi ya kumbatiza upya aliyeanguka kabisa akarejea.

Lakini ndugu zangu Wapentekoste nao wawe waangalifu na hoja mbili dhaifu. Ya kwanza ni kwamba neno la Kigiriki la kubatiza maana yake ni kuzamisha tu. Maana yake kuu ni hiyo, ila Luka 11:38 linatumika kwa kunawa kabla ya chakula. Ya pili ni Matendo 8:37, pale towashi wa Ethiopia anapokiri imani kabla ya kubatizwa. Mstari huo haumo katika nakala za kale zaidi, kwa hiyo usiujengee nyumba. Na niongeze kitu kinachowashangaza wengi: waliofanya ubatizo wa watu wazima kule Zürich tarehe 21 Januari 1525, waliobatizwa utotoni wakaamua kuanza upya, walimwagiana maji. Hawakuzamisha. Walichopigania ni imani kutangulia.

Kauli ya "kuoga tu" ni utovu wa adabu. Wazazi wa kijana walimleta kwa imani, na hata kama tunaona utaratibu haukuwa wenyewe, kudharau hakumwokoi mtu.

Kinachonitia shaka zaidi ni hiyo haraka. Ameokoka majuzi, maji mwisho wa mwezi? Kweli towashi alibatizwa njiani siku ileile, lakini yeye alikuwa anasoma Isaya mwenyewe. Kanisa makini litampa madarasa ya wiki kadhaa: dhambi ni nini, Kristo alifanya nini, toba ni kugeuka kutoka wapi, ubatizo ni nini na si nini. Kisha mchungaji anakaa naye peke yake na kumuuliza swali moja la wazi: "Ungebatizwa hata kama hakuna anayekungoja?" Akisita, asubiri. Wanaoingia majini kwa kusukumwa na kundi ndio haohao wanaouliza baada ya miaka miwili kama nao wabatizwe tena.

Akiamua, ajue haya ya vitendo, maana hayahubiriwi. Avae joho au nguo nzito ya rangi iliyokoza, nyeupe ikilowa inaonyesha mwili. Mwenye kifafa, kidonda kibichi au mimba iliyokua amwambie mchungaji mapema, ili wawepo watu wawili wa kumshika. Maji yafike kiunoni au chini kidogo ya kifua. Anakunja mikono kifuani, mmoja unaziba pua, mbatizaji anashika mikono hiyo kwa mkono mmoja na mwingine unakaa nyuma ya mabega. Anakunja magoti kama anayeketi, analazwa kinyumenyume, anainuliwa. Kosa la kawaida ni kukaza miguu: mtu anateleza, miguu inaruka juu, anakunywa maji. Mtoni, mbatizwaji aelekezwe kichwa upande maji yanakotoka, ili mkondo usimwingie puani na umsaidie kuinuka.

Ziwani kuna kichocho. Ziwa Victoria, penye majani na konokono ufukweni, vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache na kujikausha kwa taulo hakutoshi. Birika la kubatizia ni salama zaidi. La mita 2 kwa 1.5, maji ya kina cha mita 1, linachukua lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Kama maji yanatekwa ziwani, yakae siku mbili bila konokono ndani kabla ya kutumika.

Daftari la Parokia

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nijibu la cheti, hayo mengine yamejibiwa.

Kanisa Katoliki linatambua ubatizo wa KKKT. Maji yalitumika, maneno yalikuwa "kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu", nia ilikuwepo: hayo matatu yakikamilika, mtu amebatizwa, na alama yake haifutiki. Kwa macho yetu, akienda kuzamishwa mwisho wa mwezi hakuna kitakachoongezeka wala kupungua. Hivyo kwenye ndoa apeleke cheti cha KKKT. Kile cha pili akipeleka peke yake ataanzisha maswali yasiyo ya lazima: padre ataanza kuchunguza ni maneno gani yalitumika.

Maneno yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2020 Roma ilijibu kwamba anayesema "tunakubatiza" badala ya "nakubatiza" hajabatiza. Mwaka 2001 ilijibu kwamba ubatizo wa Wamormoni si halali, ingawa wanazamisha na wanataja Baba, Mwana na Roho, kwa sababu wanachokiamini kuhusu majina hayo ni kitu kingine.

Cheti kikipotea, aende usharika alikobatizwa akiwa na jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, majina ya wazazi na ya wasimamizi wa ubatizo, na mwaka wa kukadiria. Daftari hupangwa kwa tarehe ya ubatizo, kwa hiyo mwaka ukiwa sahihi kazi ni ya dakika chache. Ukikosewa, katibu atafungua madaftari matatu. Jina ndilo husumbua zaidi: utotoni aliandikwa Yohane, shuleni akawa John, kwenye kitambulisho cha taifa ukaongezwa ukoo. Aombe barua inayosema hao ni mtu mmoja. Daftari likiwa limeungua au kupotea, kwa upande wetu shahidi mmoja wa kuaminika aliyekuwepo anatosha, kama mama au msimamizi. Mchumba Mkatoliki yeye atatakiwa cheti kipya kutoka parokia alikobatizwa, kwa sababu kipaimara na ndoa huandikwa pembeni ya jina lake kwenye daftari hilohilo.

Ndoa itahitaji ruhusa ya askofu, ndiyo ndoa ya mseto. Na hapa ndipo swali gumu ambalo Njiapanda hakuuliza. Mchumba Mkatoliki ataahidi kufanya yote yaliyo katika uwezo wake ili watoto wabatizwe na kulelewa Kikatoliki. Wabatizwe lini? Wakiwa wachanga. Kijana hataombwa kuahidi, ila lazima ajulishwe kwamba mwenzake ameahidi. Sasa mtu anayekana ubatizo wake wa utotoni mwezi huu atakaaje kimya mwakani mtoto wake mchanga akipelekwa kwenye kisima cha ubatizo? Hilo wakae wawili walizungumze kabla ya tarehe ya maji na kabla ya barua ya posa.

Njiapanda88

Mbarikiwe wote. Hilo la watoto hatukulifikiria kabisa. Jambo moja limejitokeza: nimeuliza, kanisa lile hubatiza "kwa jina la Yesu" peke yake, linasema ndivyo ilivyo Matendo 2:38. Hii inabadilisha chochote?

MajiMengi

Inabadilisha sana. Si desturi ya Wapentekoste wote. TAG (Tanzania Assemblies of God) na wengi wengine wanabatiza kwa Mathayo 28:19, yaani kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Fundisho la jina la Yesu pekee lilianza kushika kasi kwenye makambi ya Marekani mwaka 1913, na mwaka 1916 Assemblies of God waliachana nalo, kwa sababu nyuma yake mara nyingi kuna fundisho kwamba Baba, Mwana na Roho ni nafsi moja iliyojidhihirisha kwa namna tatu. Amuulize mchungaji maswali mawili: Yesu alipoomba Gethsemane alimwomba nani? Na mtu aliyezamishwa kwa Mathayo 28:19 ni lazima abatizwe tena kwenu ili aokoke? Jibu la pili likiwa ndiyo, basi lile swali la kwanza la kijana, kama akifa kabla ya maji, huko atajibiwa tofauti na alivyojibiwa hapa.

Daftari la Parokia

Kwetu ubatizo wa namna hiyo hautambuliwi. Kwa bahati nzuri anacho cha KKKT, na hicho kinabaki. Asiye na kingine zaidi ya huo angehesabiwa hajabatizwa, na badala ya ruhusa ya ndoa ya mseto wangehitaji kuondolewa kizuizi cha ndoa na asiyebatizwa. Barua ni nyingine na huchukua muda zaidi, waanze miezi sita kabla.

Mwalimu wa Kipaimara

Cheti cha KKKT akakitafute wiki hii, kabla hajatangazwa popote. Mtu akishahesabiwa amejiondoa, daftari bado linasema kweli, lakini anayelifungua anaweza kuwa na maneno mengi.