Ngozi na gauni jeusi la Madame X: Sargent alipakaje?

Mwanzisha uzi: Wadau wa rangi za mafuta, naomba darasa. Nanakili Madame X, picha ya Bi Gautreau akiwa na gauni jeusi, ya mchoraji John Singer Sargent. Shingo inatoka nyeupe kama chokaa, na gauni limekuwa doa jeusi bapa. Halafu, ni kweli alifundishwa na Monet?

Jibu 1: Monet alikuwa rafiki yake tu. Sargent alizaliwa Florence mwaka 1856, wazazi wake Wamarekani, na mwaka 1874 akaingia studio ya mchoraji Carolus-Duran, Paris, kujifunza. Pale hukai na penseli wiki nzima. Unashika brashi, unaweka kwanza rangi ya kati, ile iliyo baina ya nuru na kivuli, kisha giza, na nuru kali mwishoni. Mwaka 1879 alikwenda Madrid kunakili picha za mchoraji Velázquez, mwaka uliofuata akaenda Haarlem kutazama picha za mchoraji Frans Hals. Hao wawili ndio mabingwa wa nyeusi, kwa hiyo tatizo la gauni lako dawa yake iko huko.

Jibu 2: Chokaa inatokana na nyeupe ya titani, ina nguvu mno, inameza kila rangi. Uchunguzi wa Metropolitan, makumbusho ya New York yenye picha hiyo, ulikuta kwenye ngozi ile nyeupe ya risasi (madini), vermilioni (nyekundu kali), nyekundu ya madda, viridiani (kijani) na nyeusi ya mifupa. Risasi ni sumu, usiisage wala kuipiga msasa. Ukibaki na titani, usiangazie kwa kuongeza nyeupe tupu. Changanya kwanza rangi ya kati: nyeupe sehemu 6, nyekundu ya kadmiamu robo sehemu, viridiani chembe, nyeusi chembe. Ikielekea kijani, rudisha nyekundu kidogo kidogo. Funika nayo shingo yote, nyeupe zaidi ije mwisho, sehemu chache tu.

Halafu tazama sikio. Bi Gautreau alijipaka poda yenye urujuani, ndiyo maana ngozi ni baridi, lakini sikio ni jekundu. Ukilipaka sikio rangi ya shavu, mtu anageuka sanamu.

Jibu 3: Kwenye gauni, usitoe nyeusi kwenye tyubu na kuipaka moja kwa moja. Gawa mafungu mawili: upande wa nuru tia chembe ya nyeupe na buluu, kwenye kivuli tia kahawia ya amba iliyochomwa. Kingo za kiunoni ziwe kali, za pindo zilainishe ziyeyuke kwenye usuli. Angalizo: nyeusi ya mifupa hunywa mafuta mengi na hukauka polepole. Ukipaka juu yake rangi inayokauka haraka kabla haijakauka, itapasuka. Na uso ukikataa, kwangua wote kwa kisu uanze upya. Sargent alifanya hivyo mara nyingi, maana ukirekebisha vipande vipande, viraka huonekana daima.

Mwanzisha uzi: Shukrani wakuu. Na ile kamba ya gauni begani?

Jibu 2: Kwenye Salon ya Paris, maonyesho makubwa ya sanaa, ya 1884 kamba ya bega la kulia ilikuwa imeteleza, watu wakachachamaa, baadaye akaipaka upya mahali pake. Mwaka 1886 akahamia London, picha akakaa nayo hadi 1916 alipoiuzia Metropolitan kwa pauni 1,000. Makumbusho ya Tate, London, wana nakala yake isiyokamilika, bega lile halina kamba. Nakili kutoka hiyo ukitaka kuona alivyojenga bega.