Beki wa hoki unamtathmini vipi kwa video tu?

Nyavu_Ndogo: Wakuu habari, nimepewa video nne za mechi za hoki ya uwanjani niandike ripoti ya beki wa kushoto, yuko vizuri wapi na anavuja wapi kwenye kukaba. Nimehesabu taklo, mipira aliyopora, faulo, kwa namba jamaa anawapita mabeki wenzake wote, ila mabao mengi waliyofungwa yanaanzia upande wake. Inakuwaje?

BekiMstaafu: Tatizo ni hizo hesabu mkuu. Beki mwenye taklo nyingi mara nyingi ni beki aliyechelewa, angesimama pale panapotakiwa ile pasi isingepigwa kabisa na wewe usingekuwa na cha kuhesabu. Kila mpira ukifika kwake rudisha video nyuma sekunde tano hivi, mpira achana nao, mwangalie yeye, kichwa kinageuka kutafuta mtu wa nyuma au kimeganda? Hoki haina ofsaidi, ilifutwa miaka ya 90, kwa hiyo fowadi anaweza kukaa mgongoni kwako karibu na kipa akingoja usinzie na refa hana habari naye.

Halafu miguu. Gongo lina upande bapa mmoja tu, wa kushoto, ukigusa mpira na mgongo wa gongo ni faulo, so hapo kila beki ana nguvu kuliani kwake na kushoto ndo kichochoro. Mjanja anakaa kiupande ili fowadi alazimike kuja kulia. Akisimama miguu sambamba amekwisha, ama anapitwa kushoto ama mpira unamgonga mguu, na mguu ndani ya D (ile nusu duara mbele ya goli) kwa kawaida ni penati kona, yaani wapinzani wanaanzisha mpira toka mstari wa goli lenu.

MamaPenati: Andika pia anapiga taklo GANI. Kudokoa mpira kwa mkono mmoja ni kumsumbua mtu apunguze spidi, sio kumaliza kazi. Wengi wanadokoa kwa pupa, wakikosa uzito wote umeshaenda mbele, kugeuka hawawezi. Anayemaliza kazi ni yule anayelaza gongo chini, ila lazima avumilie mpaka fowadi auachie mpira kidogo. Na robo ya kwanza isikudanganye, kila mtu ana subira akiwa hajachoka, kamwangalie robo ya nne.

Kiungo08: Mnamhukumu haraka jamani 😂 kamera inafuata mpira, utajuaje kama kiungo aliyetakiwa kurudi kumsaidia hakubaki anatembea huko? Kama huna video ya kamera ya juu nyuma ya goli, pengine andika tu "haionekani", usibuni.

Nyavu_Ndogo: Nimerudia mabao saba ya upande wake. Manne ni yaleyale, anadokoa, anakosa, anapitwa kushoto. Moja ni la kiungo kweli, Kiungo08 uko sahihi. Mawili hayaonekani. Ila akipitwa halalamiki wala hamfukuzi mtu kwa nyuma, anakata moja kwa moja kuelekea golini, mara mbili kaokoa hivyo. Hiyo ni sifa au ndo kazi yake tu?

BekiMstaafu: Sifa hiyo, iweke juu kabisa. Kusimama kiupande anafundishwa mazoezini, ila hiyo ya kukata golini wengi hawaachi kufukuza mpira hata ukiwapigia kelele msimu mzima.