Wateja hawaji na mifuko yao, wanaomba vifungashio vya kubebea: nifanyeje?

Duka la Kona (Morogoro)

Wakuu, habari za kazi. Duka ni la rejareja na nje kuna genge la mboga. Kwa siku wateja kama 60 wanataka mfuko. Anayenunua kuanzia 5,000 nampa bure ile mifuko laini ya kitambaa inayouzwa mia moja kwa 15,000. Wa chini ya hapo anataka kifungashio cha nailoni, kile cheupe, na nikimnyima anavuka barabara kwa jirani. Ile ya kitambaa nayo nakutana nayo mtaroni wiki hiyohiyo, mkono umeng'oka. Nimejaribu kumpunguzia shilingi 50 anayekuja na kikapu chake, hakuna aliyeshtuka.

Naomba ushauri wa vitendo. Nianzie wapi bila kukimbiza wateja? Ni mfuko gani unafaa kuuzwa, ukae hata mwaka? Na anayenunua samaki au sukari ya kupima nimwambieje?

Stoo Kuu

Mkuu, hilo la punguzo umelionja mwenyewe, na lilishapimwa. Huko Marekani, kwenye maduka ya karibu na Washington, walilinganisha bonasi ya senti 5 kwa anayekuja na mfuko wake na tozo ya senti 5 kwa anayechukua mfuko wa dukani. Bonasi haikubadilisha karibu chochote. Tozo ileile ya senti 5 iliwashusha wachukuaji kutoka takriban 8 katika kila wateja 10 hadi 4. Ayalandi walipoweka kodi ya senti 15 mwaka 2002, mtu mmoja alitoka kwenye mifuko kama 328 kwa mwaka hadi 21. Mtu huuma meno kwa shilingi inayomtoka kuliko anavyofurahia ile aliyopunguziwa. Kwa hiyo acha kutoa bure, kwa yeyote, hata anayenunua ya laki moja. Ukimpa mmoja, aliye nyuma yake ameona.

Piga hesabu yako: ukiwapa wote 60 mfuko wa 150 ni 9,000 kwa siku, 270,000 kwa mwezi. Hiyo pesa unaitoa kwenye faida ya sukari na mafuta bila kuiona.

Kuhusu vile vyeupe, usibembeleze. Tangu Juni 1, 2019 mfuko wa plastiki wa kubebea umekatazwa Tanzania Bara, uwe mnene au mwembamba. Vifungashio viliachwa kwa ajili ya kufungashia bidhaa, na kifungashio kikigeuzwa cha kubebea mzigo kinaingia kwenye katazo. Mteja mwenyewe akikutwa nao, kanuni zinataja faini kuanzia 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Zungumza na yule jirani muanze siku moja. Ukianza peke yako utaumia miezi miwili ya mwanzo, huo ndio ukweli.

Namna ya kuanza: chagua tarehe wiki mbili mbele, bandika tangazo mlangoni (si kaunta, akifika kaunta ameshachelewa), na tarehe isisogezwe. Bei ya mfuko iwe 500. Ukiweka 350 utashindwa chenji na utaishia kusamehe. Mifuko itundikwe pale mtu anapoingia. Muuzaji naye abadilishe swali. Badala ya "nikuwekee kwenye mfuko?" aulize "mfuko wako uko wapi?" kabla hajapima kitu. Swali la kwanza linajibiwa "ndiyo" bila kufikiri.

Kundi litakalokusumbua ni watoto wanaotumwa. Kaja na elfu mbili ya nusu kilo ya mchele, hana mfuko na hana 500. Weka vikapu vitano vya kuazima, vyenye namba ya rangi kubwa, na daftari la majina ya wazazi. Mtaani mnajuana, vitarudi.

Kwa watu wazima wasiotaka kununua mfuko fanya amana: 1,000 anaacha, akirudisha mfuko mzima na msafi anachukua 1,000 yake. Mpango huu huvunjika kwa sababu moja: mwenye duka anaichanganya amana na mauzo, ananunulia mzigo, mwisho wa mwezi wateja kumi wanarudi siku moja na droo haina kitu. Kopo la amana likae peke yake. Idadi ya mifuko iliyo nje mara 1,000 lazima ilingane na pesa iliyomo koponi, hesabu kila Jumapili.

Fundi Cherehani

Niongezee upande wa mfuko wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapigwa.

Hiyo ya 150 inaitwa kitambaa lakini ni plastiki, nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto. Kiwango cha TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ni uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Mizani yako inatosha kukuonyesha. Mfuko bapa wa sentimita 35 kwa 40, pande zote mbili, ni mita za mraba 0.28, kwa hiyo bila mikono uwe na gramu kama 20. Pima kumi pamoja: ikisoma karibu 200 ni sawa, ikisoma 100 umeuziwa nusu. Halafu tazama mkono. Uliochomwa kwa joto tu hung'oka upesi, tafuta ulioshonwa. Na usiitundike juani kwa maonyesho, jua huila hadi inavunjikavunjika kama jani kavu, na yale mavumbi ndiyo plastiki inayoingia mtaroni.

Ukitaka wa kukaa miaka, shonesha kanvasi au marekani nzito (kile kitambaa cha pamba). Kitambaa cha upana wa sentimita 150, mita moja inatoa mifuko mitatu kikibaki na upana huo:

Loweka na kukausha kwanza, marekani hurudi, hupungua urefu na upana. Kwa hiyo nunua mita moja na robo tatu upate mifuko mitatu bila wasiwasi, kinachobaki hakipotei. Kata vipande vitatu vya 41 kwa 100. Kwenye kitambaa kilichobaki toa mikanda mitatu ya upana wa 8.5 na urefu wa 100, kila mmoja ugawe mara mbili: tayari una mikono sita ya 50. Kunja mkanda uwe tabaka nne upate upana wa kama 2, piga mishono miwili. Kwenye kipande kikubwa, kila ncha kunja 1 kisha 3, huo ndio mdomo. Kunja katikati, shona pembeni ukiacha 1.5. Pembe mbili za chini zibane ziwe pembetatu na shona pale penye upana wa 10. Unapata kitako cha 28 kwa 10 na kimo cha 41, mfuko unasimama wenyewe kaunta.

Mkono ushuke sentimita 4 ndani ya mdomo, ushonwe kisanduku chenye msalaba katikati. Wengi hupitisha mshono mmoja tu wa mdomo juu ya mkono, na hapo ndipo unapofumuka. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba huoza kwa unyevu wa mboga. Sindano namba 16, mshono wa milimita 3. Ukibana zaidi unatoboa kitambaa kama karatasi ya stempu na kinachanika kwenye mstari huo. Kabla ya kushona mia, tundika mmoja na kilo 8 za mchanga usiku kucha.

Njia ya bei ndogo zaidi ni viroba vya sukari au mchele vya kilo 50. Pindo likunjwe mara mbili la sivyo nyuzi zinafumuka. Kiroba cha mbolea au dawa ya mimea usikiguse, hata ukioshe mara ngapi.

Neno moja kuhusu mifuko ya pamba: isigawiwe kama zawadi. Shirika la mazingira la Uingereza lilikokotoa mwaka 2011 kwamba, kwa hewa ukaa peke yake, mfuko wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ili ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Ile ya polipropilini mara 11, wa karatasi mara 3. Anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki atafikisha 131 baada ya mwaka na miezi mitatu. Mtu mwenye mifuko ya pamba kumi kabatini hajaokoa kitu.

Mwana wa Kongowea

Naunga mkono hilo la uzito. Huku Kenya majuala (mifuko ya plastiki) yalipopigwa marufuku Agosti 28, 2017, hii ya kitambaa chepesi ikajaa sokoni na ikatupwa vilevile, hadi NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatangaza kuizuia kuanzia Machi 31, 2019 kwa ubora duni. Bei ikiwa chini sana, mtu huuchukulia kama juala.

Duka la Kona

Asanteni sana. Nimepima kumi: gramu 110. Samaki na vya kupima bado.

Genge na Bucha

Gramu 110 basi irudishe, hiyo haifai hata kwa 100.

Vya kupima: mkaribishe mteja aje na kopo lake, ila siku ya kwanza pima kopo tupu na uandike uzito wake kitakoni kwa wino usiofutika. Asipoona umetoa uzito wa kopo ataamini umemwibia, na hilo neno litazunguka mtaa mzima. Kwa mizani ya mawe, weka kopo linalolingana upande wa pili. Asiye na kopo mpe mfuko wa kaki, wa kilo moja kwa kilo moja. Ukijaza kilo mbili kitako kinaachia njiani.

Samaki na nyama: chombo chenye mfuniko, kindoo cha lita 3 au 4 kilichokuwa na mafuta ya kula au majarini. Cha rangi ya nyumba hapana. Gazeti nalo hapana, wino unahamia kwenye nyama na maji ya samaki yanapita. Kindoo kikae chini ndani ya kikapu, mboga juu, na mfuko wa nyama uwe wa rangi yake usibebe nyanya zinazoliwa mbichi. Damu ikimwagika, kanvasi isuuzwe kwanza kwa maji baridi, kisha ioshwe kwa maji moto na sabuni siku hiyohiyo, ianikwe juani. Ile ya polipropilini anika kivulini. Kikapu cha ukindu usikiloweke, pangusa kwa kitambaa chenye maji ya chumvi na kitundike kikauke hadi ndani ya pindo, ukikikunja na unyevu kinaota ukungu na ukili unakatika.

Dagaa wakavu hawahitaji haya yote, kaki inatosha.