Eti "rudi kwenye sufuria yako"! Yule mwalimu wa mbwa leo kanivuruga

Mkia Juu (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, msinisahihishe herufi.

Yule mwalimu wa mbwa mnamjua. Jina simtaji, filimbi yake mnaisikia hata mkiwa mmelala. Leo kanishushua mbele ya darasa zima. Mbele ya mbwa wangu!

Jana nimekesha jikoni. Maini nimeyachemsha, nikayakata vipande kama punje za njegere, nikavikausha kwenye oveni kwa moto mdogo hadi vikaacha kuchafua mfuko. Laini, harufu inaita. Mbwa anameza mara moja, macho yanarudi kwangu. Kitafunwa cha mafunzo ndicho hicho! Ile mibiskuti yake migumu mbwa anaitafuna mpaka anasahau kwamba aliambiwa akae.

Bwana yule akashika kipande changu kwa ncha za vidole viwili, akanusa, akauliza mbona sijatia kitunguu saumu, eti kinafukuza viroboto. Nikamwambia kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu. Akacheka mpaka filimbi ikamruka kifuani. Halafu, kwa sauti ya kuhutubia uwanja mzima: "Mama, rudi kwenye sufuria yako, mafunzo tuachie wenyewe."

RUDI KWENYE SUFURIA YAKO.

Mimi! Ninayesoma kila lebo ya siagi ya karanga kuhakikisha haina zailitoli, ile sukari mbadala inayoshusha sukari ya mbwa ghafla na kuharibu ini lake! Mimi nirudi kwenye sufuria! Na watu walicheka, nimewaona, wengine mko humu humu. Akampa mbwa wangu biskuti yake. Mbwa akaitema. Hapo hakuna aliyecheka.

Sufuria yangu. Kwenye sufuria YANGU. Silali leo.

Jibwa Mzee
Pole sana dada. Huyo huyo aliniambia mbwa wangu ana kichwa kigumu kwa sababu mimi nina kichwa kigumu. Na ada nilikuwa nimeshalipa.

Pua Baridi
Uzi mzima kwa ajili ya maini? Mtu kakwambia urudi jikoni na wewe kweli umetoka jikoni. Kosa lake liko wapi?

Mkia Juu
@Pua Baridi wewe ndiye uliyecheka kwa sauti kuliko wote. Nimekujua.

Kengele Shingoni
Kwa kitunguu saumu dada yuko sahihi, na kitunguu maji ni hivyo hivyo, kibichi, kilichopikwa au cha unga. Zabibu nazo msithubutu, zinaua figo. Ila dada, maini usizidishe, yana vitamini A nyingi mno, mchanganyie na nyama ya kuku iliyoiva. Na vitafunwa vyote visipite asilimia 10 ya chakula chake cha siku, la sivyo utafundisha pipa.

Mkia Juu
Sikuomba mapishi. Nimetukanwa.

Kucha Ndefu
Ndiyo maana nafuga paka. Hakuna darasa, hakuna filimbi, hakuna maini mfukoni.

Jibwa Mzee
@Kucha Ndefu paka wako akiitwa anakuja?

Kucha Ndefu
Akitaka.

Friza Imejaa
Nyinyi mnalia na mwalimu, mimi nina mama mkwe. Vitafunwa vya mbwa nikishapika natoa vya siku tatu naweka kwenye jokofu, vingine vyote nagandisha. Nimerudi nyumbani nakuta mama kaona kopo la maini kwenye friza, kayapasha, kawaandalia wageni. Wamekula wakamaliza! Mbwa wangu ana mafunzo asubuhi na mfuko mtupu!

Pua Baridi
Sasa huu ndio uzi. Wageni walisemaje?

Friza Imejaa
Walisema yamepungua chumvi.

Kengele Shingoni
Ya mbwa hayatiwi chumvi, ulifanya vizuri.

Mkia Juu
Jamani turudi kwenye mada. Kasema SUFURIA. Mbele ya watu wote!

Jibwa Mzee
@Friza Imejaa kopo halikuwa na maandishi?

Friza Imejaa
Niliandika "YA SIMBA" kwa herufi kubwa. Simba ni mbwa. Mama akadhani ni jina la mgeni wangu.

Kucha Ndefu
Umeshamwambia?

Friza Imejaa
Nitamwambiaje? Ameshaniagiza nipike mengine Jumapili, na safari hii anataka yakatwe makubwa zaidi.