Kadi ya flashi ya Nintendo DS Lite kwa anayejitungia gemu: ninunue ipi?

KeteSitiniNaNne
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga, Ngamiani. Kwa miezi kadhaa sasa natunga gemu ya bao la Kiswahili kwenye Nintendo DS Lite, mashine ya gemu ya mkononi yenye vioo viwili, aliyoniachia mjomba, baharia. Naandika kwa lugha ya C, natumia vifaa vya kukompaili vya devkitARM na libnds, maktaba ya kutungia programu za DS. Mashine hii niliipendea kioo cha chini cha kugusa, halafu nikagundua jambo lililonifurahisha mno: kioo kina nukta 256 kwa upana, na bao lina mashimo 8 kila safu. Gawa, unapata 32, na spraiti (kipicha kinachosogezwa kwenye kioo) ya 32 kwa 32 inakubalika kabisa kwenye DS. Kila shimo limekaa mahali pake bila kubaki hata nukta moja. Kete zote 64 nazo zinaingia, kwa kuwa kila kioo kinabeba spraiti 128.

Kwenye laptopu naijaribu kwa melonDS, emuleta yaani programu inayoiga DS, na inakwenda vizuri. Sasa nataka babu aishike mkononi. Yeye ndiye aliyenifundisha bao barazani, na laptopu haiwezi. Nilishanunua mtandaoni kadi ya flashi ya bei ya chini, ile inayochomekwa kwenye DS ikiwa na memori kadi yenye gemu yako. Ilifanya kazi wiki chache, asubuhi moja nikawasha nikakuta maandishi ya kosa, menyu haifunguki tena. Pesa ya kukosea mara ya pili sina. Mmoja ananiambia EZ-Flash Omega, mwingine EverDrive, mwingine R4 yoyote ile. Nisaidieni.

FundiMakorora
Omega na EverDrive GBA ziondoe kichwani. Ni kadi nzuri, ila ni za tundu la chini, la gemu za Game Boy Advance (GBA), mashine iliyoitangulia DS. Ukiiwasha DS Lite kwa kadi hiyo peke yake inageuka GBA: kioo kimoja, nukta 240 kwa 160, kugusa hakuna. Gemu yako ni faili la .nds, linataka kadi ya tundu la juu.

Wangekuuzia kitu kizima kabisa na kisikufae.

BintiRaskazone
Kaka, hiyo kadi iliyokufa bado unayo? Usiitupe. Kadi nyingi zinazoiga R4 zimewekewa tarehe ndani ya programu yake ya kuwashia. Ikifika, menyu inagoma ili ununue nyingine. Kadi yenyewe ni nzima. Nenda kwenye mipangilio ya DS, rudisha saa nyuma miaka kadhaa, kisha washa tena.

Mchezo huu unawezekana kwa sababu hizi kadi hazina mwenyewe. Zilitumika sana kwa gemu za wizi, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua kuwa ni kinyume cha sheria kuziingiza na kuziuza nchini humo. Zilizobaki sokoni ni nakala za nakala, jina lilelile juu na vitu tofauti ndani. Inaniuma, maana anayeumia ni mtu kama wewe anayeandika cha kwake.

MzeeWaKodi_C
Vijana hamjambo. Nami niongeze, kwani swali la «ipi» kwa mtunzi si sawa na la mchezaji. Mchezaji anaangalia menyu nzuri na nafasi. Wewe gemu yako haifiki hata MB moja. Unachotakiwa kuuliza ni vitu vitatu.

Kwanza, je, kadi inapachika DLDI yenyewe? Hicho ndicho kiungo kinachoiwezesha libfat, maktaba ya kushughulikia faili, kusoma na kuandika kwenye memori kadi. Bila hicho gemu itafunguka, lakini babu akiacha mchezo katikati hutaweza kuuhifadhi. Pili, je, inasoma SDHC, yaani memori kadi za zaidi ya GB 2? R4 ile ya mwanzo inaishia GB 2. Tatu, programu yake ya kuwashia inapatikana ukaipakua upya? Kama haipatikani, usinunue hata kwa nusu bei.

Memori kadi nayo usiifanyie haraka. Zipo zilizoandikwa GB 32 na ndani hazifiki hata robo. Ukishanunua ipime kwa H2testw kama unatumia Windows, au F3 kwenye Linux, halafu ifomati kwa mfumo wa faili wa FAT32. Za GB 64 ziache, zinakuja na mfumo mwingine, exFAT, ambao libfat haiusomi.

FundiMakorora
Na sisi wa pwani tusisahau chumvi. Futa meno ya kadi kwa pamba yenye spiriti kabla ya kusema imekufa.

KeteSitiniNaNne
Shikamoo mzee. Dada BintiRaskazone, nimerudisha saa hadi 2015 na kadi IMEFUNGUKA. Nimekaa nayo kimya dakika nzima nikiitazama. Nimeshapakua programu mpya ya kuwashia inayolingana na namba ya kwenye stika, sasa haijali saa.

Ila limezuka lingine. Gemu inafunguka lakini kete zinatokea vipandevipande, nyingine zina mistari ya takataka. Kwenye melonDS picha ni safi. Ni kadi?

MzeeWaKodi_C
Marahaba. Si kadi. Unanakili picha kwa DMA, njia ya kuhamisha data bila kupitia prosesa, sivyo? Prosesa ya ARM9 iliyomo kwenye DS ina kashe, memori ndogo ya haraka. Ulichoandika kinaweza kuwa bado kimekaa humo wakati DMA inachota kwenye memori kuu, ikabeba data ya zamani. Emuleta nyingi haziigizi kashe hiyo, ndiyo maana hukuliona kosa. Ita DC_FlushRange, inayosukuma data ya kashe kwenda memori kuu, kabla ya kila dmaCopy. Mistari yako ya takataka nadhani ina baiti 32 au mafungu yake, kwa kuwa ndiyo upana wa mstari mmoja wa kashe.

Kwa hili tu kadi imeshalipa gharama yake.

BintiRaskazone
Na usichomoe memori kadi kila ukikompaili, springi itakufa. Tafuta dslink, inatuma faili kwa Wi-Fi. Ila DS Lite inajua ulinzi wa zamani wa WEP tu au mtandao usio na nywila, kwa hiyo haitaweza kuunganika na hotspoti ya simu yenye ulinzi wa WPA2. Mimi natumia rauta ya zamani isiyounganishwa na intaneti, naiwasha wakati wa kazi tu.

KeteSitiniNaNne
Mzee, ilikuwa hivyohivyo, baiti 32. Nimeongeza mstari mmoja na kete zimetulia.

Babu ameicheza leo baada ya alasiri. Amegusa shimo la kwanza kwa kucha, polepole, kisha hakunirudishia mashine mpaka chaji ilipoisha. Amenipa kosa moja: nikilazimika kutakata (kucheza bila kula) kutoka nyumba, lile shimo kuu, wakati bado tunanamua, yaani tunaingiza kete za mkononi, gemu yangu inaimwaga nyumba yote, na sheria ni kuchukua kete mbili tu. Nalirekebisha usiku huu. Kadi sinunui tena, ile pesa nanunua betri.