Kitunguu cha Zuhura

Shangazi: *Umesambazwa mara nyingi* "SONONA NA WASIWASI NI TUMBO TU! Acha sukari siku 7, tupa vidonge vyako." Someni wanangu 🙏

Rehema: Shikamoo shangazi. Hapo kwenye kutupa vidonge, hapana. Mtu akiviacha ghafla anaweza kuzidiwa.

Shangazi: Marahaba. Nimetuma kama nilivyoletewa. Kwani chakula hakina maana?

Rehema: Kinayo. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo yao: watu wazima 67 wenye sonona, wengi tayari wako kwenye matibabu. Kundi moja lilipewa mtaalamu wa lishe, vikao 7 ndani ya wiki 12. Mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki, karanga, nafaka zisizokobolewa. Jingine lilipata mtu wa kupiga naye soga. Mwishoni, karibu theluthi ya kundi la chakula walikuwa wametoka kwenye sonona. Wale wa soga, asilimia 8.

Mjomba: 67 hata basi moja wanaenea.

Rehema: Ndiyo maana sikuapii, mjomba. Halafu kila mtu alijua yuko kundi gani, sahani haifichiki.

Idi: Mimi nameza vidonge vyangu vya omega-3, yale mafuta ya samaki, mapishi kwaheri 😂

Rehema: Vilijaribiwa Ulaya, watu zaidi ya 1,000 wenye uzito uliozidi, mwaka mzima, pamoja na vitamini D. Matokeo ya 2019: havikuzuia sonona.

Idi: 🙄

Mjomba: Mbona wasiwasi wangu huja saa tano asubuhi? Moyo unadunda, mikono inatetemeka.

Rehema: Unakuwa umekunywa nini?

Mjomba: Kahawa. Vikombe vinne.

Idi: Na hujala kitu.

Mjomba: Nani kakwambia?

Rehema: Kahawa nyingi inaleta mtetemo huohuo wa hofu, na njaa nayo inachangia. Punguza kidogo kidogo mjomba, ukikata ghafla kichwa kitakugonga.

Zuhura: Nawasoma tangu mwanzo.

Zuhura: Orodha ya vyakula ninayo, nimeibandika jikoni. Jana nilishika kisu, kitunguu kiko mbele yangu, nikashindwa kukikata. Nikala biskuti nimesimama.

Shangazi: Mwanangu, mbona hukusema?

Zuhura: Niseme nini shangazi, kwamba kitunguu kimenishinda?

Rehema: Hiyo ndiyo sonona yenyewe, inakomba hamu na nguvu. Hata watafiti wanapata kazi kujua kipi kilitangulia, mlo mbovu au huzuni. Vidonge unaendelea navyo?

Zuhura: Naendelea.

Mjomba: Jumanne naleta maharage, yameshaungwa.

Idi: Dada, mimi mboga. Nazikata hukuhuku, na vitunguu nakata mimi.

Zuhura: Msikae sana lakini. Sina maneno siku hizi.

Mjomba: Naacha mlangoni, nagonga, naondoka.

Zuhura: Gonga, usiondoke haraka hivyo.

Shangazi: Ule ujumbe wangu wa juu unafutwaje? Nimebonyeza umeenda tena kwa wifi yangu.