Mfadhili wa nje amesitisha fedha, wanachama tumegawanyika. Naomba ushauri

Mratibu
Habari zenu wanajamvi. Naratibu asasi ndogo ya wasaidizi wa kisheria. Tuko tisa. Kazi yetu kubwa ni kuwafuatilia watu waliokamatwa wakawekwa mahabusu bila kufikishwa mahakamani. Kwa miaka minne tulitegemea mfadhili mmoja wa ng'ambo. Mwaka jana barua pepe iliingia Ijumaa jioni: simamisheni shughuli zote kuanzia leo. Jumatatu yake mama mmoja alikuwa ananisubiri mlangoni, mwanawe ana siku ya 11 ndani. Nilikwenda naye kituoni kwa nauli yangu.

Sasa kikao kimegawanyika. Wapo wanaotaka tutafute mfadhili mwingine haraka. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu sana, hataki tena kusikia habari za fedha za nje, kwa sababu kiongozi mmoja alimwita kibaraka hadharani naye akakosa la kujibu.

Je, kupokea fedha hizo ni kosa? Na tukizipokea, tutafanyaje ili kazi ibaki yetu? Miaka yote minne fomu ya ripoti iliuliza tumefundisha watu wangapi. Haikuuliza hata mara moja wangapi wametoka mahabusu. Polepole semina zikawa nyingi na safari za kituoni zikapungua, nami ndiye niliyekuwa nasaini ripoti hizo. Hilo linaniuma kuliko kukatiwa fedha.

Wakili
Pole sana, Mratibu. Kwanza mwenyekiti apate jibu. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, la mwaka 1998, linasema katika ibara ya 13 kwamba kila mtu, peke yake au pamoja na wenzake, ana haki ya kuomba, kupokea na kutumia rasilimali kwa ajili ya kutetea haki kwa njia za amani. Azimio si mkataba, lakini uhuru wa kujumuika umo kwenye mkataba wa haki za kiraia na kisiasa wa 1966, ibara ya 22. Maina Kiai, alipokuwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki hiyo, alieleza katika ripoti yake ya 2013 kwamba kupata fedha, za ndani au za nje, ni sehemu ya uhuru huo.

Na hoja ya ukibaraka si ngeni. Ethiopia mwaka 2009 ilizibana asasi za haki za binadamu zisipate zaidi ya asilimia 10 ya fedha zao kutoka nje. Nyingi zilifunga au zikabadili kazi. Sheria hiyo ilifutwa 2019. Hungary nayo ilitunga yake 2017, na mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema inakiuka sheria za Umoja huo. Ila someni sheria ya nchi yenu kabla ya kusaini chochote. Kama inataka mfadhili atangazwe, mtangazeni, na hesabu zenu ziwe wazi kwa yeyote anayeuliza.

Muasisi
Mimi nipo upande wa mwenyekiti. Asasi yetu inaishi kwa ada za wanachama na hatujawahi kupokea barua ya Ijumaa jioni.

Mratibu
Ndugu Muasisi, nakuelewa. Sisi ada inatosha nauli, ila mtu akishafikishwa kortini anahitaji wakili, na hapo ndipo tunapokwama. Ninyi mnafanyaje?

Muasisi
Mawakili wawili wanajitolea. Mmoja amechoka, sitakuficha.

Ofisa wa zamani wa miradi
Dada Mratibu, nilikaa upande wa pili wa meza, nikisoma ripoti kama zako. Kile kipimo cha semina mara nyingi tulikiandika sisi kwa sababu ni rahisi kukihesabu. Asasi chache zilituandikia kwamba hakifai, zikapendekeza chao, nasi tukakubali. Wengi hawakuthubutu, na sisi hatukuwauliza. Naona ni kosa letu.

Kwenye andiko lijalo weka kipimo chako mwenyewe: siku ngapi zilipita tangu mlipopata taarifa hadi mtu alipofikishwa mahakamani au kuachiwa. Omba pia fedha za uendeshaji, zisizofungwa kwenye shughuli moja. Na kama kati ya mnaowasaidia wamo walioteswa, upo Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Waathirika wa Mateso, tangu 1981, unaotoa ruzuku kwa asasi zinazowahudumia moja kwa moja, msaada wa kisheria ukiwemo.

Wakili
Niongeze moja lisilohitaji mfadhili. Baraza la Haki za Binadamu huko Geneva hupitia hali ya kila nchi kila baada ya miaka minne na nusu hivi, na asasi zinaruhusiwa kupeleka taarifa zao. Daftari lenu la kesi ni ushahidi. Msitaje majina.

Mratibu
Asanteni sana. Ibara ya 13 nitamsomea mwenyekiti Jumamosi. Leo usiku nimeanza kupitia daftari, nahesabu siku, mtu mmoja mmoja. Yule kijana alifikishwa mahakamani siku ya 14. Kwenye ripoti zetu za zamani asingeonekana popote.

Ofisa, kama una mfano wa jinsi wale wenzetu walivyoandika kipimo chao, naomba unitumie.